Kabla Hujanunua Darubini ya Bunduki: Maelezo kwa Wawindaji Wenye Leseni

Kila msimu wa uwindaji unapokaribia kufunguliwa mwezi Julai, meza yetu hupokea swali lilelile: ninunue darubini yenye ukuzaji kiasi gani ili nipige mbali zaidi? Msimu ukishakolea yanakuja malalamiko. Swala pala kapigwa tumbo na kupotelea vichakani, nyati kajeruhiwa na hajulikani alipo, darubini ya gharama "imeharibika" siku ya pili porini. Swali la mwanzo na malalamiko ya mwisho yana uhusiano mkubwa kuliko wengi wanavyodhani, na ndiyo sababu ya maelezo haya. Yanamhusu mtu anayemiliki bunduki kihalali hapa Tanzania. Asiye na leseni hana haja ya kusoma habari za lenzi. Aanzie serikali ya mtaa au kijiji chake.

Risasi ya .308, kipimo cha kawaida cha bunduki za uwindaji, yenye uzito wa gramu 11 hivi hutoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 790 kwa sekunde. Ukiwa umeiziro bunduki (yaani umeirekebisha ipige pale unapolenga) kwa mita 100, risasi hiyo itakuwa imeshuka takriban nusu mita ifikapo mita 300, na karibu mita mbili ifikapo mita 500. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, ule wa kutikisa majani na vijiti vidogo tu, utaisukuma pembeni zaidi ya nusu mita kwa huo umbali wa 500. Eneo la moyo na mapafu la swala pala ni dogo kuliko makosa yote hayo. Hakuna lenzi inayopunguza hata sentimita moja ya hesabu hii. Mwananchi anayetuambia "nina darubini ya kukuza mara 24, kwa hiyo mita 600 si tatizo" anatuambia tu kwamba atamwona vizuri mnyama atakayemjeruhi.

Kupiga mbali ni mchezo halali na mzuri, ila mahali pake ni kiwanja cha shabaha. Wapigaji wa daraja la F, mchezo uliozaliwa Kanada, hulenga karatasi kwa yadi 1,000, yaani mita 914, wakiwa wamelala chini, bunduki imeegeshwa, wanasoma bendera za upepo kabla ya kila risasi. Hata hao hukosa duara la katikati. Porini hakuna bendera, na mnyama hasimami akusubiri upige hesabu. Katika misitu ya miombo nafasi nyingi za kupiga ni chini ya mita 150. Ukiona uko mbali, sogea kwa miguu.

Sasa uchaguzi. Boksi likiandikwa 3-9x40, maana yake ukuzaji unaanzia mara 3 hadi 9, na lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 40. Gawa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji unaotumia, upate upana wa mwanga unaofika jichoni: 40 kwa 9 ni milimita 4.4, na 40 kwa 4 ni milimita 10. Alfajiri na jioni mboni ya jicho hupanuka, na kwa ukuzaji mkubwa darubini hiyohiyo huanza kuonekana yenye giza. Punguza ukuzaji, mwanga unarudi. Wanaokimbilia lenzi za milimita 56 ili "waone usiku" wakumbuke kwamba Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda usiku, na lenzi hiyo inalazimisha darubini ikae juu sana kiasi kwamba shavu linakosa pa kutulia kwenye kitako. Halafu kuna jua la saa sita. Hewa ya joto inapopanda kutoka ardhini, shabaha hucheza, na kila unavyokuza ndivyo unavyokuza na huo mchezo wa joto. Kwa matumizi ya kawaida ya uwindaji, ukuzaji unaoanzia 2 au 3 na kuishia 9 au 10 unatosha kabisa. Kwa nyati kwenye vichaka, unaoanzia 1 ni bora zaidi.

Kinachostahili pesa zako ni vifundo vya marekebisho, vile vinavyosogeza mahali pa kulenga. Kifundo kizuri ukikizungusha kliki kumi juu kisha kumi chini, risasi inarudi palepale. Vipo vya aina mbili: vinavyohesabu kwa dakika ya pembe (sehemu ya sitini ya digrii), ambapo kliki ya robo dakika husogeza milimita 7.3 kwa mita 100, na vinavyohesabu kwa miliradiani (kipimo kingine cha pembe, sawa na sehemu moja ya elfu ya umbali), ambapo kliki ya sehemu ya kumi husogeza sentimita 1 kamili kwa umbali huohuo. Sisi tunaozoea mita tunaona miliradiani ni rahisi zaidi, lakini chagua upendacho, mradi alama zilizochorwa ndani ya darubini na vifundo vyake viwe vya kipimo kimoja. Inashangaza ni watu wangapi wananunua alama za miliradiani zenye vifundo vya dakika, kisha wanatuletea lawama za bunduki.

Kama michoro hiyo ya alama iko upande wa lenzi ya nyuma, vipimo vyake ni sahihi kwa ukuzaji mmoja tu, kwa kawaida ule wa juu kabisa. Kama iko mbele, inakua pamoja na picha na vipimo havibadiliki. Kijitabu cha darubini kinasema. Kisome.

Angalia pia nafasi kati ya jicho na lenzi. Kwa bunduki yenye teke kubwa kama ya risasi ya .375, isiwe chini ya sentimita 9. Wenye alama ya mwezi juu ya nyusi, waliogongwa na darubini bunduki iliporudi nyuma, wanajua tunachozungumzia.

Darubini nyingi zinazoletwa kwetu kwamba zimeharibika hazijaharibika. Zimelegea. Skrubu za pete hukazwa kwa bisibisi yenye kipimo, kwa kiasi alichotaja mtengenezaji, ambacho mara nyingi huwa karibu nyutoni-mita 2. Ukikaza kwa nguvu za mkono unaponda bomba. Ukilegeza, kila risasi inaisogeza. Na hapa tuwe wazi kabisa: kama bunduki yako haina matundu ya kufungia kitako cha darubini, usiipeleke kwa fundi wa kuchomelea. Kutengeneza au kurekebisha silaha ni kazi ya fundi mwenye leseni ya kazi hiyo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ukimkabidhi silaha asiyestahili, wewe na yeye mna kesi. Kutoboa au kusugua sehemu yenye namba ya silaha ni kosa lingine linalojitegemea, hata kama nia ilikuwa kuweka pete tu. Utaratibu ni huu: ipeleke wewe mwenyewe, ikiwa haina risasi, ukiwa na leseni yako halisi na si nakala, dai stakabadhi yenye namba ya silaha na tarehe, ikibaki kwa fundi, mjulishe mkuu wa polisi wa wilaya kwa maandishi. Usimpe shemeji aende kuichukua. Kuwa na silaha bila kibali kunaangukia kwenye makosa ya uhujumu uchumi, Sura ya 200, ambako kifungo kinaanzia miaka 20 na kufika 30. Mahakama haiulizi kama ni shemeji.

Kuziro bunduki si jambo la kufanyia shambani nyuma ya nyumba. Tumia kiwanja cha shabaha kinachotambulika, au ukiwa eneo la uwindaji, fanya kwa ruhusa na mbele ya afisa wanyamapori, kwenye kingo ya udongo isiyopitisha risasi. Toa bolti, chungulia mtutuni shabaha iliyo mita 25, kisha peleka msalaba wa darubini hapohapo bila kugusa bunduki. Piga risasi moja kuthibitisha, sogea mita 100, piga tatu kwa utulivu na acha mtutu upoe. Rekebisha kwa kufuata katikati ya kundi la matundu matatu. Kufuata tundu moja ni kuzunguka tu. Mshale wa "juu" kwenye kifundo unaonyesha risasi itakakoelekea. Tumia risasi za aina na uzito uleule utakaowindia, maana ukibadilisha aina umeanza upya. Baada ya safari ya barabara ya vumbi, au darubini ikianguka hata mara moja, hakiki tena kabla ya kuingia porini. Aliyeziro Dar es Salaam na kwenda nyanda za juu atakuta hewa nyepesi zaidi. Kwa mita 150 haitamsumbua.

Ukimjeruhi mnyama, wajibu wako ni kumfuatilia na kutoa taarifa kwa afisa wanyamapori bila kuchelewa, hasa akiwa nyati, simba au chui. Kunyamaza kwa kuogopa fomu kunaacha mnyama mwenye hasira karibu na njia wanayopita watu wa kijiji kwenda kuchota maji.

Jambo la mwisho, ambalo hatukudhani lingehitaji kuandikwa. Darubini ya bunduki si ya kutazamia watu, magari wala ng'ombe wa jirani. Unapochungulia, mtutu umeelekea unakotazama. Nunua darubini ya mkononi ya 8x42, itakufaa zaidi kuliko ukuzaji wowote juu ya bunduki. Na wanaoulizia darubini za joto zinazoona gizani kwa ajili ya uwindaji: jibu ni hapana, hata kama rafiki aliyeko nje amekwishakununulia.