Mshipa Uliorekebishwa Vitani Unahitaji Kuangaliwa Hata Kama Mguu Hauumi

Tangu kitengo chetu kianze kuwaita upya askari na wastaafu waliorekebishwa ateri (mishipa inayopeleka damu kutoka moyoni) za mikono na miguu, malalamiko yamekuwa mengi kuliko tulivyotarajia. Wengi wanauliza jambo moja: nilipasuliwa miaka saba iliyopita, natembea vizuri, mnaniitia nini? Wengine wamesikia kwamba wito huu ni mbinu ya kuwapunguzia fidia ya ulemavu. Nitajibu yote mawili, nikianza na la kwanza kwa kuwa ndilo linalogusa uhai wa kiungo.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, ateri kubwa ikikatika daktari aliifunga kwa uzi ili majeruhi asife kwa kuvuja damu. Madaktari wa upasuaji Michael DeBakey na Fiorindo Simeone wa Marekani walichapisha hesabu yao mwaka 1946: kati ya majeraha 2,471 ya ateri, yaliyoshonwa yalikuwa 81 tu, na karibu nusu ya waliofungwa ateri walikatwa kiungo. Kwa ateri ya nyuma ya goti, takriban 7 kati ya 10 walipoteza mguu. Katika Vita vya Korea madaktari walianza kuzirekebisha ateri badala ya kuzifunga, na waliokatwa viungo wakashuka hadi asilimia 13 hivi. Vietnam kiwango kilibaki hapohapo, ingawa ateri ya nyuma ya goti iliendelea kusumbua: karibu asilimia 30 ya walioumia hapo walikatwa mguu.

Watu huzisoma namba hizi kana kwamba zinasema mguu ukiokolewa umeokolewa moja kwa moja. Hazisemi hivyo. Zinahesabu hasa yaliyotokea siku na wiki za mwanzo, majeruhi akiwa bado mikononi mwa madaktari wa jeshi. Ndiyo maana Norman Rich, daktari wa upasuaji katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, alianzisha mwaka 1966 daftari la kuwafuatilia majeruhi wa mishipa ya damu wa Vietnam baada ya kurudi nyumbani. Alitaka kujua mshipa ule una hali gani mwaka wa tano, wa kumi, wa ishirini. Swali lenu ndilo swali lake.

Ateri iliyopigwa risasi au kipande cha bomu mara nyingi haiwezi kushonwa ncha kwa ncha. Sehemu iliyopondeka hukatwa mpaka tufike kwenye ukuta mzima, na pengo linalobaki huzibwa kwa kipande cha vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ya mgonjwa mwenyewe. Kwa kawaida ni safena, ile vena ndefu inayopita upande wa ndani wa mguu kutoka kifundoni hadi kinenani. Tunaichukua kwenye mguu usiojeruhiwa, kwa sababu ule ulioumia huenda umepoteza vena zake za ndani na unahitaji kila njia iliyobaki ya kurudisha damu. Kisha tunaigeuza, ncha ya chini iwe juu, maana vena ina vali zinazoruhusu damu kwenda upande mmoja tu. Wapo wanaoamini kwamba mguu uliotolewa vena utakufa polepole. Hapana. Vena za ndani zinatosha kufanya kazi hiyo. Utavimba kidogo, kovu litawasha, basi. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, na bado wapo wanaokataa operesheni ya pili kwa ajili ya imani hiyo.

Ambalo mgonjwa haambiwi vya kutosha ni kwamba vena haikuumbwa kubeba shinikizo la ateri. Ikishapandikizwa, ukuta wake hunenepa ili uhimili kazi mpya, na hilo ni jema. Lakini kwa baadhi ya watu unenepaji haukomi: nyama ya kovu hukua kuelekea ndani na njia ya damu hubanwa, mara nyingi pale palipoungwa. Hutokea zaidi kati ya mwezi wa kwanza na mwisho wa mwaka wa pili. Katika kipindi hicho damu bado inapita, mguu una joto, na mapigo yanaweza kusikika kifundoni. Mgonjwa anajiona mzima. Kipimo cha ultrasaundi ndicho kinachoona, kwa kuwa damu ikifika mahali pembamba huongeza kasi, kama maji ya mto yanapoingia kwenye mkondo mwembamba. Tukiiona hali hiyo mapema, tunapanua kwa puto au kuweka kiraka kidogo. Damu ikishaganda humo, mara nyingi kipandikizi chote kimepotea, na inabidi tutafute vena nyingine ambayo huenda mgonjwa hana tena. Kati ya hali ya kwanza na ya pili huweza kupita wiki chache tu, na katika wiki hizo hakuna kilichouma. Hilo ndilo jibu la "mnaniitia nini".

Baada ya miaka miwili hatari hupungua, haiishi. Vena inaweza kulegea na kutuna. Inaweza kuota mafuta ndani kama ateri nyingine, na hapo sigara ndiyo adui mkubwa kuliko wote, ikifuatiwa na shinikizo la damu lisilotibiwa, kisukari na lehemu. Aliyewekewa mshipa wa bandia badala ya vena ana hofu ya ziada: vidonda vya vitani huingia udongo na vitambaa, na bakteria wakikaa kwenye mshipa wa bandia ni vigumu sana kuwaondoa bila kuutoa wenyewe.

Wengine hutuletea makala za mishipa iliyopandikizwa kwa wagonjwa wa kisukari na kutuuliza kwa nini hatuwaambii miaka kamili ambayo mshipa wao utadumu. Makala hizo zinahusu watu wa umri mkubwa wenye mishipa iliyochakaa mwili mzima. Askari aliyejeruhiwa akiwa na miaka 22 ana mishipa safi juu na chini ya jeraha, jambo linalomsaidia sana. Lakini pia anahitaji mshipa huo umtumikie miaka 50. Siwezi kumpa namba ya mzee, wala sitamwahidi maisha yote.

Kuna hoja nyingine yenye ukweli nusu: "Wangu uliziba na sikukatwa mkono, kwa hiyo vipimo havina maana." Ni kweli, hasa mkononi, mishipa midogo ya pembeni hupanuka na kubeba damu. Ila inayotosha mtu akiwa amekaa huenda isitoshe akipanda ngazi, na hapo ndipo msuli wa shavu la mguu hubana mpaka asimame. Na mtu huyo akipasuliwa tena eneo lilelile, daktari asiyejua kwamba kiungo kinaishi kwa mishipa ya pembeni anaweza kuikata. Vilevile niseme wazi kwamba wapo wanaokatwa mguu miaka kadhaa baadaye huku ateri iko wazi kabisa, kwa sababu ya neva zilizokufa, mfupa wenye usaha au maumivu yasiyovumilika. Ganzi na moto wa nyayo usiku mara nyingi ni neva. Usiongeze wala kuacha dawa za damu kwa kudhani ni mshipa.

Uvimbe unaodunda karibu na kovu la zamani ni jambo jingine. Bomu hurusha vipande vingi, na tundu dogo lililokosa kuonekana siku ya kwanza linaweza kujitokeza miezi au miaka baadaye kama mfuko wa damu. Wakati mwingine ateri na vena hufunguliana, ukiweka kidole unasikia mtetemo, na kwa miaka moyo huchoka kwa kazi ya ziada. Uvimbe huo usikandwe, usichomwe sindano na usitumbuliwe kama jipu. Nimepokea mgonjwa aliyetumbuliwa. Tulimwokoa, lakini kwa shida kubwa.

Sasa utaratibu. Ratiba yetu ni mwezi wa 1, wa 3, wa 6 na wa 12 baada ya upasuaji, kisha mara moja kila mwaka. Aliyepitisha miaka bila kupimwa anaanza kama mpya. Njoo na ripoti ya upasuaji ukiwa nayo. Kama huna, njoo na barua ya kuruhusiwa hospitali. Kama hiyo nayo huna, njoo hivyohivyo, tutafungua jalada jipya. Orodhesha dawa zote, hasa aspirini na dawa za kuzuia damu kuganda, na usiziache ili kujiandaa na kipimo, kwani kipimo hakihitaji maandalizi hayo. Vaa nguo inayopandishwa hadi pajani kirahisi. Tutapima shinikizo la damu mkononi na kifundoni na kugawa la kifundo kwa la mkono. Jibu likiwa chini ya 0.90, au likishuka kwa zaidi ya 0.15 kutoka kipimo chako cha awali, tunachunguza zaidi. Baada yake ni ultrasaundi. Ukitakiwa kupigwa picha ya sumaku (MRI), taja kwanza kama una vipande vya chuma mwilini, hata kama fomu haijauliza. Anayekosa miadi miwili mfululizo bila taarifa, jalada lake hurudishwa masijala na atahitaji rufaa mpya. Taarifa inapokelewa hata siku yenyewe, kabla ya saa ya miadi, na ndugu anaweza kuitoa kwa niaba yako.

Kuhusu fidia: majibu ya kipimo yanabaki kwenye jalada la matibabu. Kwetu, bodi ya ulemavu haiyapati mpaka wewe uyaombe kwa maandishi. Wapo walioficha maumivu ya kutembea ili wasionekane wamebadilika, na wapo walioficha nafuu. Wote wawili wametunyima habari tuliyoihitaji kuwatibu.

Mguu au mkono ukibadilika ghafla, ukawa wa baridi, mweupe au wa samawati, ukafa ganzi au vidole vikagoma kusogea, usisubiri tarehe ya kliniki wala usitupigie kuomba nafasi. Nenda idara ya dharura iliyo karibu saa hiyohiyo. Msuli usiopata damu huanza kuharibika ndani ya saa 6 hivi, na muda huo ulianza kuhesabiwa pale dalili zilipoanza, si pale ulipoamua kutoka nyumbani. Usiukande na usiupashe moto, maana ngozi yenye ganzi huungua bila wewe kujua. Mlangoni sema maneno haya mapema: "Ateri ya kiungo hiki ilirekebishwa," kisha waonyeshe kovu.