Shambulio la topido: kwa nini manowari hukatika katikati

Ukisikia "kombora" kwenye habari za vita, mawazo huenda angani. Topido haina habari na anga. Inaogelea. Ni chombo cha chuma kinachojiendesha chenyewe chini ya maji, rafadha (panga za kukisukuma) nyuma, vilipuzi kichwani. Mark 48 ya Marekani, kwa mfano, ina unene wa milimita 533, urefu wa karibu mita sita na uzito unaozidi tani moja na nusu. Nyambizi huitoa kupitia bomba, nayo hushika njia.

Zamani ilikwenda moja kwa moja tu. Kamanda alichungulia kwa periskopu, bomba la kutazamia juu ya maji, akakadiria manowari, yaani meli ya kivita, inaelekea wapi na kwa kasi gani, kisha akalenga mbele yake, kama mwindaji anayemlenga swala mbioni. Manowari ikigeuza njia, topido ilijipitia zake. Siku hizi nyingi hutoka na waya mwembamba unaojikunjua nyuma, na walio ndani ya nyambizi huielekeza kwa waya huo. Ikishakaribia hujitafutia yenyewe: husikiliza kelele za rafadha na injini, au hutoa mlio na kungoja mwangwi.

Kule chini kila kitu ni masikio. Mwanga hauendi mbali ndani ya maji, lakini sauti husafiri karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Mwanya wa nyambizi ni kwamba sauti hiyo hainyooki. Aliyewahi kupiga mbizi anajua kuna mahali maji hubadilika ghafla yakawa baridi. Mpaka huo hupindisha sauti, na nyambizi iliyojibanza chini yake inaweza kupitiwa juu na meli inayoitafuta bila kusikika.

Sasa pigo lenyewe. Wengi wetu tunadhani topido hutoboa ubavu wa meli, maji yakaingia, meli ikazama. Kwa topido nyingi za zamani ndivyo ilivyokuwa, na Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake. Mwezi Februari 1944 meli ya kubeba askari, Khedive Ismail, iliondoka Mombasa kwenda Ceylon (Sri Lanka ya leo), na wengi wa waliokuwemo walikuwa wanajeshi wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Ilizama ndani ya dakika chache, na watu 1,297 walikufa.

Topido ya sasa inayolenga manowari kwa kawaida haina haja ya kuigusa. Hupita chini yake na kulipukia hapo. Ili kuelewa kwa nini, mwangalie fundi wa jahazi: kazi yake huanza na mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa, na mataruma yote, yaani mbavu za jahazi, hushikamana nao. Meli ya chuma nayo ina mkuku wake, na ndio uti wa mgongo. Topido inapolipuka chini yake, kwanza hutoka mshindo unaogonga chuma kwa nguvu kubwa. Kisha gesi ya mlipuko hutanuka ikawa povu kubwa mno, na povu hilo huinyanyua meli katikati huku omo (mbele) na tezi (nyuma) vikibaki vizito pande zote mbili. Muda si muda povu hunywea. Pale kati panabaki shimo lisilo na maji ya kuibeba meli, na uzito wake wenyewe huipinda upande wa pili, kama ubao uliopigwa goti. Maji yanayokimbilia kuziba shimo hupanda kwa kasi na kuchoma tumbo la meli kama mkuki. Yote hayo ni suala la sekunde. Mwaka 1999 jeshi la majini la Australia lilifanya jaribio hilo kwa meli yake iliyostaafu, Torrens. Picha zinaionyesha ikipanda katikati, kisha ikikatika vipande viwili.

Alama za pigo la namna hii hazifanani na za moto. Usiku wa tarehe 26 Machi 2010, manowari ya Korea Kusini Cheonan ilikatika karibu na kisiwa cha Baengnyeong, na mabaharia 46 kati ya 104 walikufa. Mabaki yalipoopolewa, wachunguzi walikuta chuma cha chini kimebonyezwa kwenda juu, na nyaya zimekatika bila dalili ya kuungua. Baadaye nyavu za kukokota zilitoa rafadha za topido kutoka sakafu ya bahari. Uchunguzi wa kimataifa ulisema ni topido ya Korea Kaskazini. Korea Kaskazini imekana hadi leo.

Teknolojia mpya, hata hivyo, si kila kitu. Tarehe 2 Mei 1982, katika vita vya Uingereza na Argentina vya kugombea visiwa vya Malvinas, ambavyo Waingereza huviita Falkland, nyambizi ya nyuklia ya Uingereza, Conqueror, ilikuwa na topido za kisasa za kuongozwa aina ya Tigerfish. Kamanda wake, Chris Wreford-Brown, akachagua Mark 8, za kwenda moja kwa moja, zilizobuniwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia: zilikuwa na vilipuzi vingi zaidi, na alizitumaini zaidi. Alifyatua tatu, mbili zikaipata manowari ya Argentina, General Belgrano. Moja ilikata omo. Nyingine ilipiga nyuma, ikaua wengi na kuzima umeme, hivyo pampu za kutoa maji hazikuweza kufanya kazi. Watu 323 walikufa. Ubishi haujaisha, kwa sababu meli hiyo ilikuwa nje ya eneo ambalo Uingereza ilikuwa imepiga marufuku meli kuingia, tena ikielekea mbali na visiwa.

Baada ya hapo Argentina ilirudisha manowari zake kubwa pwani, pamoja na ile ya kubeba ndege, Veinticinco de Mayo, na hazikutoka tena kupigana. Hilo ndilo ninaloliona kubwa kuliko mlipuko wenyewe: meli moja imezama, nyingine zote zimefungwa nanga.

Na hofu hiyo haikuwa ya upande mmoja. Argentina ilikuwa na nyambizi ya dizeli, San Luis, iliyokuwa ikivizia meli za Waingereza. Topido zake zilisumbuliwa na hitilafu, haikuzamisha hata meli moja. Lakini Waingereza hawakulijua hilo, na kwa majuma kadhaa walitupa mabomu na topido zao kwenye kila mwangwi wa kutilia shaka, mingine ikitoka kwa nyangumi.