"Nimeagizwa na Rais": barua za katibu wa George Washington zilikuwa nini hasa

Kama umewahi kupokea barua ya serikali ukaona pale chini kwenye sahihi kuna "Kny" kabla ya cheo cha mkubwa wa ofisi, basi nusu ya hii dhana unayo tayari. Aliyesaini siyo mwenye cheo, lakini barua imebeba nguvu ya mwenye cheo.

Sasa twende Marekani mwaka 1789. George Washington ndo kwanza kaapishwa pale New York, hana mtangulizi wa kumuangalia alifanyaje, hana ikulu wala jeshi la wafanyakazi, ana nyumba ya kupanga, meza, wino, kalamu za manyoya ya bata na vijana wachache wa kumsaidia kuandika. Hao vijana ndo makatibu binafsi wa rais. Anayejulikana zaidi ni Tobias Lear, mtoto wa Portsmouth kule New Hampshire, kasoma Harvard, alifika Mount Vernon, shamba la Washington kule Virginia, mwaka 1786 kuandika barua za mzee na kuwafundisha wajukuu wa mkewe, mama Martha, na mzee alipopata urais akaenda naye. Pembeni yake walikuwepo David Humphreys, William Jackson, Thomas Nelson na Robert Lewis ambaye alikuwa mpwa wa Washington mwenyewe.

Watu wengi wakisikia "barua iliyoandikwa na katibu wa rais" wanadhani ni kitu kimoja, kumbe ni vitu viwili na ukivichanganya unapotea kabisa. Kuna barua ambayo mwandiko ni wa Lear, pengine hata rasimu kaiandaa yeye, ila sahihi ni ya Washington: hiyo ni barua ya Washington, Lear kaazima mkono tu. Halafu kuna barua ambayo Lear anasaini jina lake mwenyewe, inaanza na maneno ya aina ya "nimeagizwa na Rais wa Marekani nikufikishie..." na mwishoni anaweka jina lake na cheo chake, Katibu wa Rais. Hapa anayeongea ni Lear, ila anaongea kwa amri, na kila aliyeipokea alijua hivyo.

Kwa nini ihangaikiwe hivyo, si rais angesaini zote tu? Hapana, sahihi ya rais ni kitu kizito, ukishampa mtu karatasi yenye jina lako chini anaweza kuzunguka nayo mji mzima akisema mheshimiwa kaniambia hivi. Na mwaka ule watu walimiminika kuomba kazi, huyu anataka kazi ya kukusanya ushuru wa bandari, yule anataka ujaji, na msimamo wa Washington aliourudia kwenye barua zake ulikuwa kwamba anataka kuingia ofisini akiwa hajamuahidi mtu yeyote chochote. Kwa mazingira hayo barua ya katibu inafanya kazi nzuri sana, mtu kajibiwa, heshima yake imetunzwa, lakini hajaondoka na neno la rais mfukoni.

Ila sehemu kubwa ya barua za Lear kwa niaba ya rais ni fupi na kavu. Ni vikaratasi vya kwenda kwa mawaziri, kwa Hamilton kule Hazina, kwa Knox wa Vita, kwa Jefferson wa Mambo ya Nje: Rais ameniagiza nikurudishie nyaraka ulizoleta, Rais ameridhia, Rais anaomba maoni yako. Mtu anaweza kuzipita kwa haraka, mi naona hizo ndo dhahabu, kwa sababu zina tarehe, na kupitia hizo unajua kabisa jambo fulani lilimfikia rais lini na lilitoka mezani kwake lini. Nyingi zilinakiliwa kwenye madaftari makubwa ya barua kabla hazijatumwa, kwa mkono, neno kwa neno, ndo maana tunazo mpaka leo hata kama ile karatasi iliyotumwa ilipotea.

Na katibu alikuwa pia ndo miguu ya barua. Agosti 22, 1789 Washington alienda mwenyewe Seneti kuomba ushauri kuhusu mikataba na mataifa ya wenyeji wa asili wa Amerika kule kusini, maseneta wakataka muda wa kujadili, mzee akakasirika, na baada ya pale mambo na Seneti yakawa ni ya maandishi, katibu anabeba. Jefferson alipokuja kuwa rais akaenda mbali zaidi, Desemba 1801 hotuba yake ya mwaka hakuisoma kabisa mbele ya Bunge, aliiandika akampa katibu wake Meriwether Lewis apeleke, ndiye huyu huyu aliyekuja kuongoza safari ya kwenda bahari ya Pasifiki. Jefferson barua zake aliziandika mwenyewe na kuzinakili kwa mashine, kwa hiyo katibu wake alikuwa zaidi mjumbe na msaidizi kuliko mwandishi.

Kuna upande mwingine wa hii kazi ambao hauonekani kwenye barua za "nimeagizwa", nao ni siri. Aprili 1791 serikali imeshahamia Philadelphia, jimbo la Pennsylvania, Washington yuko safarini majimbo ya kusini, na Lear kabaki nyumbani. Sheria ya Pennsylvania ya mwaka 1780 ilimruhusu mtumwa aliyeletwa na mtu asiye mkazi kudai uhuru wake akishakaa miezi sita mle, na Mwanasheria Mkuu Edmund Randolph alikuwa ameshaitahadharisha nyumba ya rais kwamba watumwa wake yeye Randolph wamempa taarifa kuwa watadai. Washington akamuandikia Lear kutoka Richmond, Aprili 12, kwamba watumwa wa nyumba ya rais warudishwe Virginia kwa kisingizio kitakachowadanganya wao na umma, na jambo hilo asilijue mtu zaidi ya Lear na Bi. Washington. Soma hiyo tena taratibu. Lear akajibu Aprili 24 kwamba atatekeleza, lakini akaandika wazi kuwa asingekubali kurefusha utumwa wa binadamu yeyote kama asingeamini kwamba siku moja wataachwa huru, na papo hapo akaongeza kuwa hali yao kwa Washington ni bora kuliko ile ambayo wangeipata wakiwa huru. Mimi hiyo sentensi ya pili inanikera sana, kwa sababu Hercules, mtumwa mpishi wa Washington, mwaka 1797 alitoroka, na Ona Judge, mjakazi wa Bi. Washington, alishatoroka mwaka mmoja kabla, kwa hiyo wenyewe walishatoa jibu lao. Lakini ndo thamani ya barua hizi, zile za "nimeagizwa" zinakuonyesha serikali inavyotaka kuonekana, hizi za siri zinakuonyesha yule yule katibu akijadiliana na bosi wake gizani.

Mshahara je? Rais alilipwa dola 25,000 kwa mwaka na makatibu aliwalipa humo humo mfukoni mwake, Bunge lilianza kutenga hela ya katibu binafsi mwaka 1857. Ndo maana ukiangalia majina unakuta wapwa na ndugu wengi, ndugu anavumilia malipo madogo na siri haitoki nje ya familia.

Kilichobadilisha mambo mapema kidogo ni hati za ardhi, zile ambazo serikali iliwapa watu waliopata ardhi yake. Rais alitakiwa kuzisaini mwenyewe moja moja, na enzi za Rais Andrew Jackson zilikuwa zimerundikana mno, basi mwaka 1833 Bunge likaruhusu ateuliwe katibu wa kusaini hizo hati kwa jina la rais, akaanza Andrew Jackson Donelson, mpwa wa mke wa rais. Kwa hiyo hati ya ardhi ya baada ya hapo ina jina la rais limeandikwa vizuri kabisa kwa wino, na chini yake kuna jina la katibu, na majina yote mawili kayaandika katibu. Kuna familia Marekani zimetundika hizo hati ukutani zikiamini ni sahihi ya Jackson, cha kuangalia ni ule mstari wa pili.