Nani analipia utafiti wa saratani yenye wagonjwa wachache?

Katika saratani za kifua ninazozishughulikia, mesothelioma ndiyo inayonilazimu kueleza zaidi, hata kwa wahudumu wa afya. Hushika utando unaofunika mapafu, na mara nyingi chanzo chake ni vumbi la asbesto, madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika kwenye vifaa vya ujenzi, ambalo mtu alilivuta miaka 20 hadi 50 iliyopita. Uingereza, ambako imeenea kuliko nchi nyingi, hupata takriban wagonjwa 2,700 wapya kwa mwaka. Kwa kampuni ya dawa, hilo ni soko dogo.

Si kwamba kampuni zimekaa kando kabisa. Dawa ya saratani iitwayo pemetrexed ilipojaribiwa pamoja na nyingine, cisplatin, kwa watu 448, matokeo ya mwaka 2003 yalionyesha kuwa nusu ya waliopata dawa zote mbili waliishi zaidi ya miezi 12.1, dhidi ya 9.3 kwa waliopata cisplatin peke yake. Pemetrexed hiyohiyo huuzwa pia kwa saratani ya mapafu, yenye wagonjwa wengi mno, kwa hiyo gharama zilikuwa na pa kurudi. Lakini swali likiwa la upasuaji, nani atoe pesa? Operesheni haifungwi kwenye pakiti ikauzwa dukani.

Hapo ndipo mifuko ya hisani inapofanya kazi ambayo hakuna mwingine anayeitaka. Mmojawapo ni June Hancock Mesothelioma Research Fund wa Leeds, Uingereza, ulioanzishwa mwaka 1997. June Hancock alikulia Armley, mtaa wa Leeds, jirani na kiwanda cha asbesto cha J.W. Roberts. Vumbi lilitoka kiwandani likatanda mitaani, na watoto walilikusanya na kulichezea kama theluji. Kiwanda kilifungwa mwaka 1958. Mama yake alikufa kwa mesothelioma mwaka 1982, kisha zaidi ya miaka kumi baadaye June naye akaambiwa anayo. Alikwenda mahakamani akashinda mwaka 1995, na rufaa ya kampuni ikatupwa mwaka uliofuata. Uzito wa kesi ile ni kwamba hakuwa mfanyakazi. Alikuwa mtoto aliyekulia jirani na kiwanda tu. Alifariki mwaka 1997.

Miaka hiyo baadhi ya mabingwa wa upasuaji walikuwa wakitoa pafu zima pamoja na utando wake, diaframu (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) ya upande ule na sehemu ya mfuko wa moyo. Ripoti zao zilivutia: waliopasuliwa waliishi muda mrefu kuliko wagonjwa wengine. Sawa, lakini nani alipelekwa chumba cha upasuaji? Ni yule mwenye nguvu, ambaye ugonjwa wake ulikuwa haujasambaa. Huyo huenda angeishi muda mrefu hata bila kisu. Njia ya kujua ukweli ni kuwagawa wagonjwa kwa kura ya bahati nasibu: nusu wapasuliwe, nusu wasipasuliwe.

Jaribio hilo liliitwa MARS. Lililipiwa na Cancer Research UK, mfuko wa June Hancock na hospitali za Guy's na St Thomas' za London. Waliandikishwa wagonjwa 112, na 50 wakafika hatua ya kura: 24 upande wa upasuaji, 26 upande mwingine. Matokeo yalitoka mwaka 2011. Nusu ya kundi la upasuaji walikuwa wameshafariki ndani ya miezi 14.4. Kundi lisilopasuliwa lilifika miezi 19.5.

Wapasuaji walilalamika, na walikuwa na hoja: jaribio lilikuwa dogo, na lengo lake lilikuwa kuona kama utafiti mkubwa unawezekana. Basi ukafanyika MARS 2, safari hii kwa pesa za serikali, kwa watu 335 na operesheni nyepesi inayoliacha pafu mahali pake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalikuwa miezi 19.3 kwa waliopasuliwa, 24.8 kwa waliotumia dawa tu. Wapo wanaoendelea kubisha. Mimi nikiulizwa na mgonjwa, namwonyesha namba hizi kwanza.

Kwetu Afrika Mashariki tatizo linaanza mapema zaidi: ugonjwa wenyewe hautambuliki. Mtu akija na maji kifuani, jambo la kwanza tunalofikiria ni kifua kikuu, na mara nyingi tunakuwa sahihi. Lakini yupo yule ambaye maji yake yana damu damu, unayatoa leo na baada ya wiki kadhaa yamejaa tena, huku dawa za TB anazimeza bila kukosa. Huyo anahitaji kukatwa kipande cha utando kikapimwe. Chini ya hadubini, mesothelioma na saratani iliyotoka kwenye pafu zinaweza kufanana mno. Kinachozitenganisha ni vipimo maalumu vya rangi, kama calretinin na WT1, na maabara zenye vipimo hivyo ni chache. Pia anahitaji kuulizwa alifanya kazi wapi ujanani, na nyumba au shule aliyokaa iliezekwa kwa nini. Mapaa ya asbesto bado yapo.

Mfadhili mwenye pesa kidogo akitaka kusaidia huku, mimi nisingemwelekeza kwenye dawa mpya. Ningemwomba anunue rangi hizo za maabara, halafu amlipe karani mmoja wa kuandika rejista: umri, kazi aliyofanya, mahali alipoishi, jibu la kipimo cha kipande cha utando.