Sola Haiogopi Baridi, Jamani

Kila mwaka ni hivi hivi. Ikifika Juni, Nairobi ikijifunika mawingu na watu wakitoa makoti kabatini, simu yangu haipumui. "Fundi, hii sola yako haitaki baridi." "Fundi, si ungeniambia tu hizi paneli ni za watu wa Garissa?" Juzi mama mmoja wa Ruaka ameniuliza, kwa heshima zote, kama kuna paneli za kuvumilia baridi, yuko tayari kuongeza pesa kidogo. Kuna mtu atamuuzia. Ndiyo maana naandika.

Paneli haili joto, inakula mwanga. Mwanga ukigonga silikoni, elektroni zinasukumwa, umeme unatembea. Joto halina kazi hapo, tena linaharibu. Ukitaka umeme wa joto nenda Olkaria, ambako mvuke wa chini ya ardhi umekuwa ukizungusha mitambo tangu 1981. Juu ya paa lako hakuna Olkaria.

Najua kosa linaanzia wapi: ile mitambo ya kupasha maji, yenye tangi na mirija ya vioo. Hiyo kweli inavuna joto, na asubuhi ya Julai maji yake yanaweza kukuvunja moyo. Watu wanaiona juu ya paa moja na paneli, wanadhani ni ndugu. Si ndugu. Tuendelee.

Chukua paneli ya wati 550. Hiyo 550 ilipimwa seli zake, vile vipande vya silikoni, zikiwa nyuzi 25, mwanga ukiwa wati 1,000 kwa kila mita mraba. Sasa ipandishe juu ya mabati Kitengela, Februari, saa saba mchana. Seli zinafika nyuzi 65 bila taabu. Kila nyuzi inayozidi 25 inaondoka na asilimia 0.35 hivi. Nyuzi 40 za ziada, asilimia 14 imekwenda. Umebaki na 473, na jua linawaka kama limetumwa. Kama fundi alilaza paneli zikagusa mabati, hewa haipiti chini, ni mbaya zaidi. Mimi huacha sentimita 10 au zaidi, na wateja hulalamika kwamba haipendezi.

Basi Julai shida ni nini? Mawingu. Upepo wa kusini mashariki unaleta unyevu kutoka baharini, unaupandisha hadi huku kwetu, karibu mita 1,800, na lile wingu la kijivu linatulalia mpaka saa saba, saa nane, siku nyingine kutwa. Mwanga unashuka kutoka 1,000 hadi 200, hata 100. Paneli ya 550 inakupa 110, au 55. Baridi na wingu vinakuja pamoja, na mtu analaumu baridi kwa kuwa ndiyo anayoisikia mwilini. Wingu likipasuka ghafla, paneli zikiwa bado baridi, kwa dakika chache inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, inaweza kuonyesha wati nyingi kuliko za kwenye lebo, maana kingo za mawingu nazo zinarushia paneli mwanga wa ziada. Dakika hizo hakuna anayenipigia simu.

Na tafadhali, acheni video za Uingereza. Kule Desemba jua linapita chini chini na mchana ni wa saa 8 hivi. Sisi tuko nyuzi moja na kidogo kusini mwa ikweta, mchana ni saa 12 mwaka mzima. Kinachohama ni upande: Juni na Julai jua la adhuhuri liko kaskazini, Desemba liko kusini. Paa linalotazama kusini linapoteza kiasi Julai, lakini siku ya wingu zito hata hilo halina uzito, kwa sababu mwanga unashuka kutoka kila pembe ya anga.

Sasa linaloniudhi hasa, na hapa nasema na mafundi wenzangu. Baridi inapandisha volti. Inapandisha! Inveta ina kikomo cha volti 500 upande wa paneli. Nyuma ya paneli pameandikwa Voc 50, yaani volti 50 paneli ikiwa haijabeba mzigo wowote. Fundi anapiga hesabu ya vidole: 50 mara 10 ni 500, paneli kumi kwenye mnyororo mmoja, zimeungwa moja baada ya nyingine volti zikajumlishana, kazi imeisha, nipe balansi yangu. Lakini ile 50 ni ya nyuzi 25. Asubuhi ya Julai ni nyuzi 10, na volti imepanda kwa asilimia 4 hivi. Wingu likifunguka, mnyororo una 520. Mwenye nyumba anaambiwa inveta "imeingiwa na baridi". Nilifungua moja kama hiyo Limuru: harufu ya plastiki iliyoungua, kapasita zimevimba vichwa, na ubavuni lebo ya 500 inasomeka vizuri kabisa. Warantii itamsaidia nini? Paneli tisa zingetosha.

Kuna jambo vitabu hulipita haraka. Tunakokotoa kwa wastani. Nairobi kwa mwaka hupata zaidi ya kilowati-saa 5 kwa kila mita mraba kwa siku, na Julai inashuka kuelekea 4. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini wastani hauonyeshi siku nne mfululizo za giza, na hizo ndizo zinazomaliza betri. Kitabu kinasema weka akiba ya siku tatu. Betri ya lithiamu ya siku tatu? Sijapata mteja wa kuilipia. Mimi huweka ya usiku mmoja, stima ya kawaida ikajaza pengo, na nikikuambia hiyo ni sayansi nitakuwa nakudanganya. Ni mapatano ya mawingu na mfuko wako. Programu za kukadiria nazo siziamini sana mwezi huo: Ngong wako gizani, Embakasi wameanika nguo.

Tena kabla ya kuilaumu paneli, tazama bafuni. Shawa ya umeme inavuta kilowati 5, na kwa baridi hii kila mtu anaizungusha hadi mwisho. Watu watano, dakika kumi kumi, kabla ya saa moja asubuhi: zaidi ya yuniti 4. Betri ya kilowati-saa 5 imekwisha kabla ya chai, na paneli hazijaona mwanga wa maana. Shawa iunganishwe na stima ya kawaida, isipitie inveta kamwe. Pasi na mashine ya kufulia zisubiri mchana.

Na wewe mwenye inveta, hesabu paneli za kila mnyororo, zidisha kwa ile Voc, ongeza asilimia 5, linganisha na kikomo cha kwenye lebo. Ikizidi, piga simu paneli moja itolewe. Usizichomoe mwenyewe mchana, umeme wa DC, huo unaotoka kwenye paneli, ukikatwa unarusha moto na hauzimiki upesi.