Ukila Saa Nne Usiku, Uzito Hautapungua?

Swali: Kwenye kundi letu la mazoezi tumeambiwa mwisho wa kula ni saa 12 jioni. Baada ya hapo chochote utakachokula kinageuka mafuta moja kwa moja. Ni kweli?

Hapana. Mwili hauna geti linalofungwa magharibi. Ugali uliokula saa 7 mchana na ule uliokula saa 3 usiku una nishati ileile, na ukiwa umelala moyo unaendelea kupiga, mapafu yanavuta hewa, ini na ubongo viko kazini. Kwa watu wengi shughuli hizo za ndani ndizo zinazotumia sehemu kubwa ya nishati ya siku nzima, kuliko hata mazoezi. Mafuta huongezeka pale unapoingiza nishati nyingi kuliko unayotumia, wiki baada ya wiki, mwezi baada ya mwezi.

Aliyewaambia hivyo huenda mwenyewe alipungua kweli, na simbishii. Lakini mtu aliyezoea chipsi mayai na soda kila siku saa 4 usiku, akiacha kula baada ya saa 12, kilichoondoka ni chipsi na soda. Chipsi mayai za kibandani mara nyingi huvuka kalori 700, na soda ya mililita 300 ina sukari kama gramu 30, yaani kalori nyingine 120 hivi. Hapo saa imepewa sifa ya kazi iliyofanywa na sahani.

Swali: Kwa hiyo muda wa kula hauna maana yoyote?

Unayo maana, ila si ile inayosimuliwa mitaani.

Mwaka 2022 watafiti wa hospitali ya Brigham and Women's mjini Boston, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio dogo lakini lililosimamiwa kwa ukali. Watu 16 wenye uzito mkubwa walikaa maabara kwa vipindi viwili. Chakula kilikuwa kilekile na kiasi kilekile, ila katika kipindi kimoja milo yote ilicheleweshwa kwa takriban saa 4. Walipochelewa kula, njaa iliongezeka. Leptini, homoni inayoupa ubongo taarifa kwamba mwili una akiba ya kutosha, ilishuka. Nishati waliyotumia wakiwa macho nayo ilipungua kwa kiasi cha asilimia 5, kama kalori 60 kwa siku.

Kalori 60 ni nusu ya kijiko cha chakula cha mafuta ya kupikia, kwa hiyo hapo hapakunitisha. Lililonishughulisha ni njaa. Maabara mlango umefungwa na chakula kimepimwa. Nyumbani kuna sufuria jikoni na jirani anakaanga mihogo.

Sasa linganisha tafiti mbili ambazo watu hupenda kuzitumia kubishana. Ya kwanza ni ya Israel, mwaka 2013: wanawake 93 walipangiwa kalori 1,400 kwa siku kwa wiki 12. Kundi moja lilikula 700 asubuhi, 500 mchana na 200 usiku. Jingine likageuza, 200 asubuhi na 700 usiku. Waliokula sana asubuhi walipungua wastani wa kilo 8.7, wa usiku kilo 3.6. Ya pili ni ya Aberdeen, Uskoti, mwaka 2022. Watu 30 walifuata ratiba zote mbili kwa zamu, wiki 4 kila moja, na watafiti ndio waliowapa chakula chote. Safari hii uzito ulipungua sawasawa, kilo 3 na kidogo, asubuhi iwe nzito au usiku uwe mzito. Tofauti ilibaki kwenye njaa: waliokula sana asubuhi walisema hawasumbuki nayo sana.

Ninavyoziona, tafiti hizi hazigombani. Chakula kikiwa kimepimwa na mtu mwingine, saa haifui dafu mbele ya kiasi. Mtu akiachwa ajisimamie mwenyewe, aliyeshiba mapema anashika mpango kirahisi kuliko aliyekaa na njaa kutwa. Na hivyo ndivyo sisi tunavyoishi, hakuna anayetupimia.

Kuna jambo moja zaidi kwa wenye kisukari au wanaokikaribia. Usiku mwili hudhibiti sukari kwa ulegevu kuliko asubuhi, kwa sababu saa ya ndani ya mwili inajiandaa kulala na homoni ya usingizi, melatonini, imeanza kupanda. Sahani ileile ya wali itapandisha sukari ya damu juu zaidi saa 3 usiku kuliko saa 2 asubuhi. Kwao muda una uzito hata kama mizani haisogei.

Swali: Naishi Chanika, kazi yangu iko Kariakoo. Natoka saa 11 alfajiri, narudi saa 3 usiku kwa sababu ya foleni. Nifanyeje?

Kula saa 3 na nusu, na usijione mkosaji. Ila nikuulize: tangu alfajiri ulikuwa umekula nini?

Nikikisia, asubuhi ni chai ya sukari na maandazi mawili. Mchana umebana matumizi, umekunywa soda na keki, au umesema "nitakula nyumbani". Jioni umesimama kwenye daladala saa mbili nzima. Ukifika, mlima wa wali unakusubiri, na njaa haina baunsa: unamaliza kabla tumbo halijatuma habari kwamba limejaa. Taarifa ya kushiba huchukua kama dakika 20 kufika. Kisha unalala. Asubuhi huna hamu ya kula, unakunywa chai na maandazi, na mzunguko unaanza upya. Mtu wa namna hii akija na malalamiko ya chakula cha usiku, mimi naanza kutengeneza mchana wake.

Kwa hiyo mlo mkubwa uhamie mchana. Kwa mama lishe agiza wali au ugali wa kiasi, maharage, mboga za majani, na samaki au dagaa kama mfuko unaruhusu. Mwombe apunguze mchuzi wenye mafuta yanayoelea juu. Wengi wao hawakasiriki ukiomba kwa heshima. Halafu saa 11 jioni, kabla ya kupanda gari, weka kitu tumboni. Yai la kuchemsha la yule kijana anayepita na trei na kachumbari lina kalori kama 75, na protini yake hukaa tumboni. Ndizi mbivu na kiganja cha karanga pia vinafaa. Kiganja kimoja, lakini, maana gramu 30 za karanga tayari ni kalori 170, na ukinunua pakiti kubwa utaimaliza kabla ya kufika Gongo la Mboto.

Ukifika nyumbani utakula kama binadamu wa kawaida. Anza na mboga na kitoweo, ugali ufuate. Unga mkavu wa mahindi una kalori kama 360 kwa kila gramu 100, hivyo tonge tatu nne ukizipunguza kila usiku si jambo dogo. Kama mnakula kwenye sinia moja, jipakulie pembeni ujue umekula kiasi gani, japo najua kuna nyumba ambazo ukifanya hivyo bibi atauliza una ugomvi na nani.

Kilichobaki kiwe kiporo cha asubuhi. Watu wanakidharau kiporo, lakini maharage na kipande cha ugali saa 10 na nusu alfajiri vinakushikilia kuliko maandazi. Sharti ni friji. Chakula, hasa wali, kikilala nje kwenye joto la Dar es Salaam kinaweza kuzalisha bakteria wanaotoa sumu ambayo hata ukikipasha moto haiondoki. Asiye na friji apike uji, au achemshe viazi vitamu alfajiri wakati maji ya kuoga yanapata moto.

Swali: Nikiacha kabisa kula usiku si nitapungua haraka?

Unaweza kupungua, kama hutalipiza kesho yake. Wapo wanaoweza, na kama una afya njema na unakula vizuri mchana hakuna ubaya kula kidogo sana jioni.

Lakini wewe unayechoma insulini, au unayemeza vidonge vya kisukari vya aina ya glibenklamidi, usiruke mlo kwa kujiamulia. Dawa itaendelea kushusha sukari ukiwa usingizini, na sukari ikishuka sana unaweza kuzimia bila aliye kitandani nawe kujua. Zungumza kwanza na kliniki yako, wakubadilishie dozi ikibidi. Mjamzito na mama anayenyonyesha nao wasilale na njaa kwa ajili ya mizani. Na tafadhali, mpango wa mama kupunguza uzito usigeuke kuwa watoto kunyimwa chakula cha jioni.

Swali: Mwezi wa Ramadhani tunakula usiku tu. Mbona mimi huongezeka, na mwenzangu hupungua?

Swali zuri, maana Ramadhani ni ushahidi wa wazi kwamba chakula cha usiku hakigeuki mafuta chenyewe. Tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba kwa wastani waliofunga hupungua kidogo, kama kilo moja, na uzito huo hurudi ndani ya wiki chache baada ya Idi.

Huo ni wastani. Tuitazame futari yako. Pwani yetu tumejaliwa: tambi za sukari, kaimati zilizochovywa kwenye shira, viazi vya nazi, sambusa, mihogo ya nazi, juisi ya ukwaju iliyotiwa sukari bila huruma. Kila kimoja ni kidogo kwenye kisahani chake. Mwenzako huenda anafungua kwa tende tatu na uji, anasali, kisha anakula mlo mmoja wa kueleweka. Wewe unafungua kwa kila kilichopo, unakula tena baada ya tarawehe, na daku hujaiacha. Siwezi kukuambia uache kaimati. Chagua kimoja cha mafuta na kimoja cha sukari kila siku, vingine vipumzike kwa zamu.

Swali: Na hii ya kula ndani ya saa nane tu, kisha kufunga saa 16?

Guangzhou, China, waliijaribu kwa mwaka mzima na matokeo yakatoka 2022. Watu 139 wenye unene uliopitiliza walipunguziwa kalori. Nusu yao pia walitakiwa kula kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni tu. Wenye ratiba walipungua wastani wa kilo 8.0, wasio na ratiba kilo 6.3, na kitakwimu tofauti hiyo haikutosha kusema ratiba ndiyo iliyoshinda. Kama inakusaidia kujizuia, itumie. Kama inakufanya ufikirie chakula kutwa nzima, iache.

Swali: Mimi ni mlinzi, nakesha. Ushauri wote huu haunihusu?

Unakuhusu zaidi. Kukesha kunavuruga saa ya mwili, na usingizi mfupi huongeza hamu ya kula, hasa vitamu. Kula mlo wako mkubwa nyumbani kabla ya kwenda lindo, saa 12 au saa 1 jioni. Usiku wa manane beba kitu chepesi: yai, ndizi, mtindi, mahindi ya kuchemsha. Saa 8 hadi saa 10 usiku ndipo mwili unataka kulala kabisa, na ndipo wengi wenu mnakunywa vile vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo vina sukari kama soda. Kunywa maji, au chai ya rangi mapema usiku. Asubuhi kula kidogo usilale na njaa, funga pazia, lala.

Swali: Matunda usiku yananenepesha?

Embe moja saa 3 usiku halina kesi. Juisi ya maembe matatu na vijiko vinne vya sukari inayo.

Swali: Kati ya kula na kulala ipite muda gani?

Saa 2 hadi 3, kama unaweza, na sababu kubwa ni kiungulia kuliko uzito. Ukilala tumbo limejaa, asidi hupanda kooni, usingizi unakatika, na kesho yake uchovu unakupeleka kwenye vitamu. Wewe wa Chanika unayekula saa 3 na nusu na kulala saa 5 huna saa hizo, basi mlo uwe mwepesi, usiwe wa kukaanga, kisha osha vyombo, piga pasi nguo za kesho, usijilaze kwenye kochi. Ukilala, ubavu wa kushoto hupunguza asidi kupanda.

Kiungulia kikija kila usiku, au chakula kikikwama wakati wa kumeza, nenda kituo cha afya. Nenda pia ukiona uzito unashuka bila kufanya jitihada yoyote, hasa kama una kiu isiyoisha na unaamka mara kwa mara kukojoa, au una kikohozi na jasho la usiku. Usifurahie kwamba nguo zimepwaya. Kapimwe sukari na kifua kikuu.