Savonlinna: Baridi Kali Haimaanishi Ziwa Lote Linabeba Mtu

Nimeisikia tena wiki hii, na sasa imetosha: "Leo ni nyuzi 25 chini ya sifuri, ziwa lote limeganda, pita popote." Anayesema hivyo anaangalia kipimajoto na hajaangalia ramani. Savonlinna, mji wa Finland ndani ya Ziwa Saimaa, haikujengwa ukingoni mwa maji yaliyotulia. Mji umekaa juu ya visiwa na rasi, na maji yanapita katikati yake usiku na mchana, kiangazi na baridi.

Ziwa Saimaa ni mfululizo wa mabonde ya maji yaliyounganishwa na milango myembamba ya maji, na visiwa kwa maelfu. Maji kutoka kaskazini huteremka bonde la Haukivesi, huingia la Haapavesi, kisha hujibana kupita mjini kuelekea Pihlajavesi. Mwishowe hutoka Imatra kwa Mto Vuoksi na kwenda Ziwa Ladoga, nchini Urusi. Erik Axelsson Tott alipoanza kujenga ngome ya Olavinlinna mwaka 1475, aliiweka kwenye kisiwa cha mwamba ndani ya mlango wa Kyrönsalmi. Mkondo wenyewe ulikuwa sehemu ya ulinzi, maana hapo maji hubaki wazi hata katikati ya majira ya baridi. Mkondo huo haujahama.

Sababu ni hii. Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa na nyuzi 4. Kwenye ghuba tulivu, maji ya nyuzi 4 hulala chini na yale ya baridi zaidi hukaa juu, yakaganda. Kwenye mlango wenye mkondo tabaka hizo huchanganyika: maji yenye joto kidogo hupandishwa kutoka kilindini na kuila barafu kutokea chini, huku wewe juu unaona uso mweupe uliotulia. Hewa ikiwa ya nyuzi 10 au 30 chini ya sifuri, kazi hiyo ya chini inaendelea. Ndiyo maana unaweza kukuta sentimita 40 ghubani, na mita mia mbili mbele, karibu na mlango, sentimita 3.

Si milango peke yake. Ogopa chini ya madaraja, ncha za rasi, miamba iliyo chini kidogo ya uso wa maji, midomo ya mito, matete, njia za meli, na bandari ndogo ambako pampu huzungusha maji ili gati zisiharibiwe na barafu. Kina cha ziwa kikishuka, barafu ya ufukweni hubaki inaning'inia na kupasuka, kwa hiyo hata hatua ya kwanza kutoka nchi kavu ina hatari yake.

Sasa unene, jambo ambalo watu hulikariri kama jedwali la hesabu. Sentimita 5 kwa mtu mmoja anayetembea, 15 kwa pikipiki ya theluji, 20 kwa gari dogo. Namba hizo ni za barafu ngumu, safi, inayoonyesha weusi wa maji chini yake. Theluji nyingi ikianguka huikandamiza barafu, maji hupanda kupitia nyufa, yanalowesha theluji, na mchanganyiko huo ukiganda unapata barafu nyeupe yenye vipovu vya hewa. Hiyo huhesabiwa nusu: sentimita 10 nyeupe ni kama 5 ngumu. Kusema kweli, hiyo nusu ni kadirio la kukata kwa jicho. Barafu nyeupe ikiwa na tabaka la maji katikati, mimi siihesabu kabisa. Napima ile ngumu ya chini tu. Tena theluji ni blanketi: palipofunikwa sana, barafu hunenepa polepole, hata baridi ikiuma.

Kwa hiyo pima. Beba mtaimbo wenye ncha kali na upige mbele yako kila hatua chache. Mtaimbo ukipenya kwa pigo moja, geuka na urudi kwa nyayo zako. Shimo moja la kuvulia samaki halikuambii lolote kuhusu upande wa pili wa kisiwa. Vaa naskali shingoni, vile vijiti viwili vyenye ncha za chuma, juu ya koti na si mfukoni. Simu na nguo kavu zikae kwenye mfuko usiopitisha maji. Msitembee mkiwa mmekaribiana, na mmoja awe na kamba ya kurusha.

Ukitumbukia, dakika ya kwanza tuliza pumzi. Geukia ulikotoka, maana barafu ya huko ilikuwa imekubeba. Choma naskali kwenye barafu, piga miguu hadi mwili ulale, jivute, kisha bingirika, usisimame mapema. Mikono huishiwa nguvu ndani ya dakika kama kumi. Namba ya dharura ni 112.

Milundo ya theluji kando ya visiwa iache. Sili wa Saimaa, ambao hawapatikani ziwa jingine lolote duniani, huchimba mapango humo na kuzaa mwezi wa pili na wa tatu. Chini ya pango kuna tundu la kutokea majini, na barafu ya pale ni nyembamba. Ukimfukuza mama, mtoto anabaki kwenye baridi.

Mwezi wa nne jedwali la unene litupe. Jua huigawa barafu kuwa vijiti vya kusimama visivyoshikana, na sentimita 40 zinaweza kukuachia ghafla. Baada ya usiku wa baridi inabeba asubuhi, lakini saa nane mchana haibebi. Ikigeuka kijivu cheusi na mtaimbo ukazama bila nguvu, toka, hata kama mbele yako bado kuna wavuvi waliokaa na ndoano zao.